Timazi pekee haitoshi, muulize mjenzi wako daftari

Mpenzi msomaji, kama umewahi kujenga, hata kama ulichojenga ni choo cha uani, basi unajua kwamba hakuna kazi inayompima mtu subira kama hiyo. Mshonaji akikosea kanzu, utaivaa ukiwa nyumbani. Seremala akikosea meza, utatia kipande cha gazeti chini ya mguu mmoja na maisha yataendelea. Lakini mjenzi akikosea, utalala chini ya kosa lake wewe na wanao, na huenda usilijue hadi siku ya mvua kubwa.

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaoishi Mishomoroni. Tangu daraja la Nyali tunalolitumia leo lifunguliwe mwaka 1980, likachukua mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, upande huu wa bara ya kaskazini umekuwa ukijengwa mchana na usiku. Tembea na barabara ya zamani ya Malindi, kisha ukate uingie ndani, utaona mwenyewe. Hapa rundo la kokoto limeziba njia ya tuktuk, pale mawe yamepangwa hadi yameota nyasi, na kule nyumba ya chini imekwisha lakini vyuma vimeachwa vikitazama mbingu, vikingoja hela za orofa ya pili. Karibu kila familia ina kiwanja, au ina ndoto ya kiwanja, au ina kesi ya kiwanja.

Leo nataka tuzungumze juu ya wale tunaowakabidhi ndoto hizo: mafundi na wanakandarasi. Hasa nataka tutazame jambo ambalo wengi hudhani ni la maofisa wenye tai wa Nairobi, nalo ni matumizi ya tarakilishi, simu na mtandao katika kazi ya ujenzi. Huenda ukaniuliza, "Je, tarakilishi yaweza kuchanganya zege?" La, haiwezi. Lakini subiri kidogo, utaona inaweza kukuambia ni mifuko mingapi ya saruji iliyoingia katika zege hilo, na ni mingapi iliyopanda bodaboda ikaenda zake.

Wenzetu wamefika wapi?

Programu ya kuchorea ramani iitwayo AutoCAD ilitoka Marekani mwaka 1982. Tangu hapo wachoraji wengi wameweka rula chini na kuchora kwa tarakilishi. Baadaye likaja jambo kubwa zaidi, ambalo wataalamu huliita BIM kwa ufupi. Katika utaratibu huo, jumba zima hujengwa kwanza ndani ya tarakilishi kabla ya jiwe moja kuwekwa. Ukuta umo, nguzo imo, bomba la maji limo, na waya wa stima umo. Bomba likigongana na nguzo, tarakilishi huonya mapema, na mchoro hurekebishwa kabla ya mtu yeyote kushika nyundo na kuanza kubomoa.

Singapore iliwataka wenye majengo yote mapya yanayozidi mita 5,000 za mraba wapeleke michoro ya namna hiyo kwa mtandao kuanzia mwaka 2015. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba kufikia mwaka 2016 kazi za ujenzi za serikali kuu zingefanywa kwa utaratibu huo. Dubai, ambako vijana wetu wengi wa pwani wameenda kutafuta riziki, ilianza kuudai mwaka 2014 kwa majumba marefu ya kupita orofa 40, hospitali na vyuo vikuu.

Nakuomba msomaji ulitazame vyema jambo moja hapo. Katika sehemu zote hizo tatu, wanakandarasi hawakuamka asubuhi moja wakaipenda tarakilishi. Waliambiwa na mwenye mali au mwenye kibali kwamba bila hiyo hakuna kazi, nao wakajifunza. Hata huko Marekani, ripoti ya taasisi ya McKinsey Global Institute iliweka ujenzi karibu na mkia miongoni mwa kazi zinazotumia teknolojia hiyo. Waliokuwa nyuma yake ni wakulima na wawindaji tu. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba ni fundi wa Kisauni peke yake aliyebaki nyuma. Wajenzi duniani kote ni wagumu wa kubadilika, na wana sababu zao.

Kiwanda cha sabuni hutengeneza sabuni ile ile kila siku mahali pale pale, hivyo mashine ikinunuliwa mara moja huzaa faida miaka kumi. Mjenzi leo yuko Mishomoroni penye mwamba, kesho yuko Mtwapa penye mchanga, na kila mara huanza na watu wapya. Mwashi ana bosi wake, fundi wa stima ana wake, na fundi wa mabomba huja akitaka. Faida ni nyembamba, na malipo huchelewa. Ukimwambia mtu kama huyo anunue programu inayolipiwa kila mwaka, atakuuliza kama programu hiyo itamlipia vibarua Jumamosi.

Simu iliingiaje mjengoni?

Hata hivyo, si kweli kwamba fundi wetu anaogopa vitu vipya. Babu zake walijenga kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko, wakizihesabu boriti hizo kwa korija, yaani ishirini ishirini. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale pale Mji wa Kale ni virefu lakini vyembamba. Vyuma na saruji vilipokuja, mafundi walivipokea, na vyumba vikapanuka. Hakuna aliyewaitia semina. Waliona faida, wakafuata.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa simu. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, mjengo ulikuwa miongoni mwa mahali ilipozama haraka. Kabla ya hapo, Jumamosi adhuhuri ilikuwa saa ya hatari. Mwanakandarasi alitoka benki na bahasha iliyotuna, na kila mwenye nia mbaya alijua siku na saa. Vibarua nao walijipanga jua kali, na aliyekuwa mbali siku hiyo alilala njaa au akamwachia mwenzake amchukulie, kisha wakagombana Jumatatu. Leo mshahara huingia simuni kibarua akiwa njiani kwenda kwake. Na tangu huduma ya Lipa na M-Pesa ianze mwaka 2013, hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi hupokea malipo ya misumari na rangi kwa nambari iliyobandikwa ukutani.

Halafu ikaja WhatsApp. Wako waashi hodari ninaowajua ambao kalamu huwachosha kuliko sururu. Hao hawaandiki ujumbe, huzungumza tu: wanabonyeza, wanasema "mchanga haujafika, na maji yamekatika", wanaachilia. Mwenye nyumba aliye Nairobi au Jeddah husikia sauti na kelele za mchanganyiko nyuma yake. Teknolojia hiyo haikuletwa na wizara yoyote wala chuo chochote. Iliingia kwa mlango wa tumbo, kwa sababu ilimsaidia fundi kula kwa amani.

Lakini hapo ndipo penye tatizo. Simu ya kupokea pesa na kupiga soga imeingia. Ile ya kuweka kumbukumbu za kazi bado iko nje mlangoni. Tofauti kati ya hizo mbili niliijua kwa familia yangu mwenyewe.

Mnazi usiokuwapo

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, ambako amefanya kazi miaka mingi. Nia yake moja ilikuwa kumtoa mama katika vyumba viwili vya kupanga na kumjengea nyumba yake. Kiwanja kilipatikana hapa Mishomoroni, na mwanakandarasi akapatikana pia, kwa kupendekezwa na rafiki. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa na simu nzuri kuliko yangu, na maneno yake yalikuwa matamu kama kaimati. Makubaliano yalikuwa kati yake na kaka, yaani hela zitoke Muscat na picha zitoke Mombasa.

Na kweli, picha zilitoka. Msingi ulionekana, kuta zikaonekana, na lenta ikaonekana juu ya madirisha. Kila picha ilifuatwa na ombi la hela, na kila ombi lilifuatwa na hela. Mimi nilikuwa nikifanya kazi bara wakati huo, na mama miguu ilimsumbua, hivyo haendi mbali. Siku moja kaka alimtumia mama moja ya picha hizo ili afurahi. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, kisha akauliza, "Mwanangu, huu mnazi umeota lini?"

Katika kiwanja chetu hakuna mnazi. Nyuma yake pana ukuta wa jirani na mwembe. Jirani mmoja aliombwa apite atazame, naye akakuta msingi na kuta zilizofika magotini. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa ya mtu mwingine, wala hadi leo hatujui ni ya nani. Mwanakandarasi alipopigiwa simu alisema alichanganya picha kwa sababu ana kazi nyingi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Mama alikaa katika vyumba vile vya kupanga miaka miwili zaidi.

Sikusimulii haya ili unionee huruma. Familia zilizopatwa na jambo kama hilo ni nyingi, na huenda yako ni mojawapo. Nakusimulia kwa sababu teknolojia yote ilikuwapo. Pesa zilivuka bahari kwa sekunde chache, na picha zilivuka kwa kasi ile ile. Kilichokosekana ni maandishi ya kusema ni kiasi gani cha saruji kilinunuliwa, siku gani, kwa kazi ipi, na kimeishia wapi. Picha moja moja bila hesabu ni kama mashahidi wasioapishwa.

Hesabu ya jamvi

Tulipoanza upya, nilikuwa nimerudi nyumbani, nikasimamia mwenyewe. Safari hii tulimpata fundi mzee wa hapa hapa, mtu wa miaka sitini na ushei, aliyejenga nusu ya mtaa wetu. Sifa yake ni timazi. Yeye huning'iniza kile chuma chake kwenye uzi, akafumba jicho moja, na akisema ukuta umesimama, basi umesimama. Pima maji yake ni ya zamani lakini haijawahi kumwaibisha.

Nilimwambia, "Mzee, nataka kila kitu kiandikwe, na kabla ya zege kumwagwa nataka picha ya vyuma."

Alicheka. "Mwanangu, wanidhani mwizi? Timazi haisemi urongo."

Nikamjibu, "Mzee, timazi haisemi urongo, lakini pia haikumbuki. Wewe ukiondoka leo, nani atajua ilisema nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na aliyekuwa akibeba maji pale mjengoni. Akamwambia, "Haya, wewe ndiwe karani." Na hivyo ndivyo tulivyopata idara yetu ya teknolojia. Vifaa vyake vilikuwa simu ya kijana yule, daftari la kurasa tisini na sita, na jedwali lililoandikwa katika programu ya bure ya mahesabu ndani ya simu hiyo hiyo.

Hebu nikuonyeshe faida yake kwa mfano mmoja. Jamvi letu la juu lilikuwa na urefu wa mita 10, upana wa mita 8, na unene wa sentimita 15. Zidisha hizo, utapata mita 12 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo hula karibu mifuko sita na nusu ya kilo 50. Basi jamvi zima linataka mifuko kati ya 75 na 80. Kijana alikokotoa hivyo usiku, akamwonyesha babu yake. Mzee akatazama, akasema yeye kwa kichwa chake alikuwa amekadiria themanini. Walipishana kidogo tu, na mzee hajawahi kukanyaga chuo!

Sasa linganisha na karatasi ya yule mwanakandarasi wa kwanza, ambayo kaka alikuwa bado anayo. Kwa jamvi hilo hilo, kwa vipimo hivyo hivyo, aliandika mifuko 120 na kuiombea hela kabla kuta hazijafika kifuani. Mtu yeyote mwenye simu ya kawaida angeweza kugundua udanganyifu huo kwa dakika tano, lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kuuliza.

Jambo la pili ni vyuma. Zege likishamwagwa, hakuna jicho linaloona ndani. Ramani ikitaka vyuma sita katika nguzo na fundi akaweka vinne, nguzo itasimama vivyo hivyo, itapigwa plasta, itapakwa rangi, na watu watakula pilau ya kuhamia. Kwa hivyo tulikubaliana kwamba kila nguzo na kila lenta ipigwe picha kabla ya zege, ikiwa na futi imewekwa kando, na kitu fulani cha kiwanja chetu kionekane nyuma. Sisi tulichagua ule mwembe. Picha ilikwenda Muscat siku hiyo hiyo, na hela za hatua inayofuata zilitoka baada ya picha, si kabla. Tuliandika pia mchanga ulitoka wapi, kwa sababu mchanga wenye chumvi ya bahari hula vyuma polepole, na sisi wa pwani tumeona nguzo nyingi zikipasuka na kutoa kutu mapema.

Je, mzee alichukia? Alichukia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu, mwenye duka alileta mifuko 38 na kudai 45. Kijana alifungua simu akaonyesha picha ya lori na saa yake. Mwenye duka akakohoa, akasema huenda wapakiaji walikosea. Tangu siku hiyo mzee ndiye aliyekuwa akiuliza asubuhi, "Karani amefika?" Aligundua kwamba kumbukumbu ile ambayo alidhani ni ya kumlinda mwenye nyumba dhidi yake ilikuwa ikimlinda yeye pia. Fundi mwaminifu ndiye anayelaumiwa kwanza vitu vikipotea, na bila maandishi hana pa kujitetea.

Mlango wa mtandao na hati miliki

Tukitoka katika daftari la familia tukaingia katika afisi za serikali, nako mambo yamebadilika. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wanakandarasi huandikishwa kwa madaraja manane, la nane likiwa la kazi ndogo na la kwanza la kazi zisizo na kikomo. Uandikishaji hufanywa kwa mtandao, na unaweza kulitafuta jina la mwanakandarasi katika tovuti ya mamlaka hiyo kabla hujampa hata shilingi ya maji. Nairobi ilianza kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao mwaka 2011. Majirani zetu hawakulala: Kigali nayo hutoa vibali kwa mtandao, na Tanzania ilianza mwaka 2023 kutumia mfumo wake wa NeST katika zabuni zote za serikali. Ushuru nao umehamia huko. Tangu Januari 2024, kwa jumla, mfanyabiashara hapa Kenya hawezi kuihesabu gharama katika ushuru wake bila ankara ya mfumo wa eTIMS.

Haya yote ni mazuri. Ila lazima tuseme ukweli kuhusu jinsi yanavyofika Mishomoroni. Ukitaka kibali, utaulizwa ithibati ya kumiliki ardhi. Sasa hapa Mombasa tuna watu wengi walio na nyumba lakini hawana ardhi. Mzazi alijenga kwa ruhusa ya mwenye shamba, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, akafa akawaachia watoto kuta na paa. Wengine wamekaa katika mashamba ya watu wasiojulikana waliko. Nyumba ni halali mbele ya majirani, imam na mzee wa mtaa, lakini mbele ya tarakilishi haina nambari, na isiyokuwa na nambari haipo.

Basi mwenye nyumba kama huyo hufanyaje? Hujenga usiku na wikendi, kwa fundi asiyeandikishwa, bila mhandisi, kwa sababu mlango rasmi umefungwa. Mwanakandarasi mdogo naye akitaka kufuata sheria hukuta kwamba wateja wake wote wako nje ya mfumo. Muuza mchanga wa lori hana ankara ya eTIMS, mwenye kiwanja hana hati, naye atajaza nini? Ninapowasikia wakubwa wakisema mafundi wa mitaani "wamekataa teknolojia", hunijia hamu ya kuwauliza kama teknolojia nayo haijawakataa wao. Kaunti na wizara zikitaka kila mjengo uonekane mtandaoni, hazina budi kwanza kutatua swala la ardhi, au angalau kumpa mwenye nyumba bila ardhi njia ya kuleta mhandisi na kukaguliwa bila kuogopa kufukuzwa.

Pia tusifikiri kwamba maandishi peke yake ni kinga. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makaazi lilianguka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Baadaye wakuu walisema jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama kwamba libomolewe. Habari ilikuwapo afisini, na watu walikuwamo vitandani. Kumbukumbu isiyosomwa na mwenye mamlaka haina tofauti na mnazi wa kwenye ile picha yetu.

Ufanye nini?

Msomaji wangu, najua si wote mtakaojenga maghorofa ya Dubai. Wengi wetu tunajenga chumba kwa chumba, chama kwa chama, mkopo kwa mkopo. Ndiyo maana tunahitaji kumbukumbu kuliko tajiri. Yeye akiibiwa mifuko arobaini atanung'unika. Wewe ukiibiwa mifuko arobaini mtoto atarudishwa nyumbani kwa karo.

Kabla hujamkabidhi mtu kazi, litafute jina lake katika orodha ya NCA. Kama ni fundi mdogo asiyekuwamo, muombe akupeleke kwenye nyumba mbili alizojenga, uzungumze na wenyewe. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na malipo yagawanywe kwa hatua. Lipa kwa simu badala ya mkononi, ili tarehe na kiasi vibaki. Taka picha kabla ya kila zege, zenye alama ya kiwanja chako ambayo haiwezi kuazimwa. Kokotoa vifaa mwenyewe, au umpe kijana wako wa sekondari akokotoe. Hesabu ya ujazo anayofundishwa shuleni itapata kazi. Na kazi ikipita nyumba ya chini, tafuta mhandisi, hata kwa siku moja. Hakuna simu itakayokuambia udongo wako utabeba nini.

Nanyi mafundi na wanakandarasi wadogo, najua gazeti hili huwafungia maandazi lakini huwa mnalisoma kwanza. Kwa kuanza hamhitaji programu ya kulipia. Anzeni na picha yenye tarehe na jedwali la vifaa. Kijana wa kuwaandikia hakosekani mtaani, na wengi wamemaliza shule na wanabeba maji. Mteja wa Muscat au London hana njia ya kujua nani mwaminifu na nani mlaghai, kwa kuwa maneno yenu wote ni matamu. Atakayemwonyesha hesabu bila kuombwa ndiye atakayepewa kazi ya pili na ya tatu.

Wale wa Singapore na Uingereza walibadilika kwa sababu mwenye mali alidai. Huku kwetu mwenye mali ni mimi na wewe, ni mama anayeuza viazi karai ili apandishe ukuta, ni kaka anayetuma riali zake kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fundi akija kesho na timazi yake, mkaribishe, umpe chai, umpe na heshima yake. Kisha muulize, "Fundi, na daftari liko wapi?" Jibu lake litakuambia mengi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.